Daftari la Alfajiri

Samaki anayekosa hewa hapigi kelele. Hupanda juu, kichwa kikawa sawa na uso wa maji, akawa anafungua na kufunga mdomo kama mtu aliyekwamwa na neno. Mlinzi wetu aliponipigia simu saa tisa na nusu usiku hakusema samaki wanakufa. Alisema, "Katibu, samaki wote wako juu, sijui wanataka nini." Nilipofika na mwenyekiti tukamulika tochi, tuliona midomo mitupu, kizimba kizima. Kufikia saa moja asubuhi midomo ilikuwa imetulia, na yaliyokuwa juu ni matumbo.

Tulikuwa na vizimba vinne vya kufugia samaki, vya mita sita kwa sita, katika Ghuba la Mwanza, Ziwa Victoria, upande wa Sengerema. Kikundi chetu kina watu 14, wanane wanawake. Sato wetu walikuwa wamefika gramu 350 hivi, zimebaki wiki tano tuvune. Vizimba viwili vilivyokuwa karibu na nchi kavu havikubaki na kitu. Cha tatu tulipoteza nusu. Tulizika samaki zaidi ya 9,000 kwenye shimo lililochimbwa na vijana wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, na shombo lile lilikaa kijijini siku nne. Kwa bei ya wakati ule hesabu ilipita shilingi milioni 20, na sehemu ya fedha hiyo ilikuwa ya mkopo.

Hasara tuliilipa, kwa taabu lakini tuliilipa. Kinachonitoa kitandani saa kumi na nusu mpaka leo si hasara ile. Ni mambo tuliyoyafanya kati ya saa moja na saa nne ya asubuhi hiyohiyo.

Neno lililotangulia lilikuwa sumu. Sijui nani alilitamka kwanza. Nilipofika ufukweni nililikuta limeshaenea. Na sumu haijimwagi yenyewe, lazima iwe na mtu. Mtu akapatikana upesi. Kulikuwa na kijana mvuvi ambaye wiki mbili kabla alikuwa amegombana nasi kwa sababu maboya yetu yalimzibia njia ya mtumbwi wake. Alisema mbele ya watu, "Hivyo vizimba vyenu mtaviona." Maneno ya mtu mwenye hasira. Asubuhi ile yakageuka ushahidi. Katibu wa kikundi ni mimi, na mwandiko uliopeleka jina lake kwa viongozi wa mwalo ni wangu. Mtumbwi wake ukazuiwa siku tisa. Mkewe alikuwa na kichanga cha wiki tatu.

Siku ya tatu akaja afisa uvuvi, dada mdogo tu kwa umri, amebeba kipima oksijeni kwenye mfuko. Akakiteremsha kwenye kizimba cha kwanza, akasubiri, kikasoma miligramu 6 na ushee kwa lita. Mwenyekiti akachangamka: "Unaona? Maji mazima haya. Basi walitiliwa kitu." Yule dada alikifuta kipimo chake taratibu, kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo: "Mzee wangu, mimi nimepima maji ya leo. Yaliyoua samaki wenu ni ya juzi, na ya juzi hayakupimwa na mtu."

Akatuuliza. Usiku ule upepo ulivuma? Siku mbili kabla kulikuwa na jua au mawingu? Rangi ya maji ilikuwaje wiki iliyopita? Mlipozamisha mkono hadi kiwikoni, vidole mliviona? Hakuna aliyejibu sawa na mwenzake. Mmoja alisema upepo, mwingine akasema shwari. Na hapo nilikuwa na faili langu kwapani, na ndani yake risiti za chakula cha samaki zimepangwa kwa tarehe, kila mfuko, kila shilingi. Ningeweza kueleza nauli ya bajaji ya mwezi Februari. Lakini maji, ambamo mali yetu yote ilikuwa ikivuta pumzi usiku na mchana, sikuwa nayo hata mstari mmoja.

Alikaa nasi hadi jioni akitufundisha, na niliyoyashika siku ile nimeyathibitisha mwenyewe baadaye kwa kipimo.

Vile vijimea vidogo mno vinavyoyapa maji rangi ya kijani, yaani mwani, mchana hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua. Jua likizama kazi hiyo husimama, na mwani wenyewe huanza kuvuta hewa ileile iliyoutengeneza. Samaki nao wanavuta. Na chini kwenye tope, ambako mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki yanaoza, vijidudu navyo vinavuta. Kwa hiyo oksijeni hushuka usiku kucha, na kiwango cha chini kabisa hupatikana kabla tu ya jua kuchomoza. Anayepima saa nane mchana akaandika nane au tisa amepima kazi ya jua. Deni la usiku hajaliona. Kwa urefu wa ziwa letu kutoka usawa wa bahari, na maji yakiwa na joto la nyuzi 25, maji yaliyoshiba hewa huwa na miligramu 7 hivi kwa lita. Sato hupenda kuishi juu ya 5. Chini ya 3 hamu yake ya kula hupungua na anaanza kuhangaika.

Lipo na jambo la pili, la matabaka. Jua likipiga siku kadhaa bila upepo, maji ya juu hupata moto yakawa mepesi, yakakaa juu ya maji ya baridi kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Yaliyo chini hayaonani na hewa, na oksijeni yao hulika hadi ikaisha. Kisha unakuja upepo wa usiku mmoja, au mvua kubwa ya baridi, na tabaka la chini linapanda juu. Mzee mmoja wa kwetu, aliyevua tangu enzi za nyavu za pamba, alisikiliza maelezo hayo hadi mwisho akasema, "Sisi tulisema maji yamegeuka. Babu zetu wakiona hivyo walivuta mitumbwi, wakangoja." Aliyajua muda wote. Hakuna aliyemwuliza asubuhi ile, kwa sababu tulishakuwa na jina la mtu.

Nimewahi kuwaza juu ya msemo wetu wa ziwa kuchafuka. Mvuvi akisema leo ziwa limechafuka, ana maana ya mawimbi tu. Mawimbi yanaonekana, yanapindua mtumbwi mbele ya macho, ndiyo maana yamepewa neno. Maji yaliyopungukiwa hewa huwezi kuyatofautisha na mazima kwa macho, na labda ndiyo sababu hatukuwahi kuyatafutia neno la kila siku.

Tulianza na vitu vya bei ndogo. Kipimajoto cha kuzamisha. Na sahani. Fundi seremala alitukatia duara la ubao wa sentimita 20, tukaligawa robo nne, mbili nyeusi mbili nyeupe, tukafunga jiwe chini na kamba yenye fundo kila sentimita kumi. Unaishusha hadi isionekane, unaivuta hadi ionekane tena, unasoma kamba. Chombo hiki kinaitwa sahani ya Secchi, kwa jina la padri Angelo Secchi wa Italia aliyekijaribu baharini mwaka 1865, na hadi sasa wataalamu duniani kote wanakitumia. Siku ya kwanza sahani yetu ilipotea machoni kwenye sentimita 90. Nikaandika: tarehe, saa, sentimita 90, joto 25.4, mawingu nusu, upepo mdogo kutoka kusini. Mwenyekiti aliuliza, "Sasa 90 ndiyo nzuri au mbaya?" Sikuwa na jibu. Namba moja peke yake haina jirani wa kulinganishwa naye.

Baada ya miezi mitano tulichanga tukanunua kipima oksijeni cha mkononi, na hapo nikajifunza kosa ambalo sitaki mtu mwingine alirudie. Kwa wiki tatu kilitupa namba za kupendeza, 7.4, 7.6, 7.3, hata alfajiri. Tulifurahi. Yule dada alipopita akanusa jambo. Alikiweka kwenye hewa, kikiwa kimezungushiwa kitambaa chenye unyevu, na hapo kilipaswa kusoma asilimia 100. Kikasoma 138. Ile ngozi nyembamba ya kwenye ncha ilikuwa imechoka, na mimi sikuwahi kukisahihisha hata mara moja, nikidhani kipimo kikishanunuliwa kimeshajua kazi yake. Nilitaka kuzichana kurasa zile. Akanikataza. Akaniambia nipige mstari wa kalamu nyekundu pembeni mwa wiki zote tatu, niandike sababu na tarehe, kisha niziache zisomeke. Zipo hadi leo. Mtu akilishika daftari langu naanza kumwonyesha kurasa hizo, ili ajue zilizobaki ameandika mtu anayekagua kipimo chake kila Jumatatu.

Karibu na wakati huo nilianza kusoma habari za watu waliopima ziwa hili kabla yetu. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zaidi ya 68,000, na bado kina chake hakizidi sana mita 80. Nchi tatu zinaligawana, na Tanzania ina takriban nusu. Mwaka 1960 na 1961 mwanasayansi Mwingereza aitwaye Jack Talling, akifanya kazi na kituo cha utafiti wa uvuvi cha Jinja, Uganda, alikuwa akirudi kupima sehemu zilezile za ziwa mwezi baada ya mwezi: joto, oksijeni kuanzia juu hadi chini, wingi wa mwani. Miaka ile hakukuwa na balaa. Sangara, samaki mkubwa anayekula wenzake, alikuwa ndiyo kwanza ametiwa ziwani, na magugu maji yalikuwa hayajafika. Mtu angeweza kumwuliza anahangaikia nini na maji yenyewe mazuri.

Karibu miaka 30 baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, walikuwa wametoweka kwa aina nyingi sana, na watafiti, akiwemo Robert Hecky, wakarudi kupima. Waliweza kusema kwa uhakika kuwa mwani umeongezeka mara kadhaa, kwamba mwanga hauyapenyi maji kama zamani, na kwamba maji ya chini yanakosa oksijeni kwa eneo kubwa zaidi na kwa muda mrefu zaidi wa mwaka. Waliweza kwa sababu daftari la Talling lilikuwepo. Bila siku zile za kawaida za 1960 kuandikwa, mabishano yangekuwa kama yetu ya mwaloni: wazee wakisema ziwa la zamani lilikuwa safi, na vijana wakijibu kuwa kila mzee husema hivyo.

Habari hizo zilinipa moyo kuliko semina yoyote. Niliacha kuona aibu kuandika siku ambazo hakuna kilichotokea.

Kisa cha Mto Mara kilinigusa kwa namna hiyohiyo, maana nina ndugu walioolewa upande wa Musoma. Machi 2022 maji ya mto huo, karibu na unapoingia ziwani, yaligeuka meusi, yakanuka, na samaki wakaelea. Watu wakaambiwa waache kuyatumia kwa muda. Kamati iliyoundwa na serikali ikasema oksijeni ilikuwa imekwisha kwa sababu ya kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza kwenye maji. Wananchi wengi hawakuamini. Wao walishuku migodi. Shangazi yangu alinipigia simu akiwa amekasirika: "Mwanangu, ng'ombe wamekuwepo tangu tukiwa watoto, leo ndiyo wameanza kuua samaki?" Swali lake lilikuwa la haki, na sikumbishia. Nilichoweza kumwambia ni kwamba maji ya siku ya msiba hayatoshi kumaliza kesi. Ili mtu kama yeye aridhike, inafaa pawe na karatasi inayosema maji hayo yalikuwaje wiki moja kabla, mwezi mmoja kabla, msimu kama huo mwaka uliotangulia: oksijeni, rangi, na madini kama zebaki. Na karatasi hiyo iwe imebandikwa mahali anapoweza kuisoma mwenyewe.

Kwamba kinyesi kinaweza kuua samaki bila mtu kumwaga tone la sumu, hilo lina ushahidi kutoka mto huohuo, upande wa Kenya. Huko Maasai Mara wanaishi viboko zaidi ya 4,000. Mchana wanashinda kwenye mabwawa ya mto na kinyesi chao kinatuama chini. Kiangazi maji hayatembei, tabaka la chini linaishiwa oksijeni, na mvua ya kwanza inalisukuma lote kwa pamoja kuelekea chini. Samaki wanakufa kilomita nyingi kutoka walipo viboko. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2018, na uliwezekana kwa kuwa watafiti waliacha vipimo mtoni, mwaka baada ya mwaka, vikisoma vyenyewe usiku na mchana. Wakati samaki wanaelea, kipimo kilikuwa tayari kimeshaona wimbi la maji mabaya likipita.

Nisieleweke kwamba natetea upande. Mgodi ukimwaga kitu, kipimo kitauonyesha. Wafugaji wakisingiziwa, kipimo kitawasafisha. Aliye na sababu ya kuogopa daftari ni yule anayejua kitakachoandikwa humo.

Jambo jingine ambalo nisingelikisia kamwe: rutuba inayolisha mwani wa ziwa letu, hasa fosforasi, haiji na mito peke yake. Sehemu kubwa hushuka kutoka hewani, na vumbi la mashamba na majivu ya mapori yanayochomwa kila kiangazi, na sehemu huletwa na mvua. Hilo watu walilijua kwa kutega vyombo nje na kupima kilichodondokea ndani. Tangu nisome hivyo, Agosti nikiona moshi umefunga vilima vya ng'ambo siwezi tena kusema huo ni moto wa watu wengine.

Sasa nirudi kwa vizimba. Mwaka wa pili, mwezi Machi, jua liliwaka siku sita bila upepo wa maana. Sahani ikashuka kutoka sentimita 90 hadi 55. Juu kipimo kilisoma vizuri, lakini nilipokishusha hadi mita nne nikapata 3.8. Kesho yake 2.9. Siku ya tatu 1.6, na mchana wake mawingu mazito yakaanza kujengeka kusini. Nililitazama daftari, nikapiga simu kwa wanachama wote kabla sijanywa chai.

Hatukukubaliana. Nilisema tusitishe chakula mara moja, tuvune usiku huohuo kizimba chenye samaki wakubwa, na vingine tuvisogeze kwenye kina cha mita tisa. Mwenyekiti alisema bei ya wiki ile ilikuwa mbovu, na kwamba siwezi kuuza mali ya watu 14 kwa sababu ya namba iliyo mita nne chini, mahali ambapo samaki hawakai wote. Alikuwa na hoja. Tulipiga kura, tisa kwa watano. Tulivuna hadi saa nane usiku tukimulikiana kwa tochi, tukauza kwa bei ya kutupa. Alfajiri upepo ulikuja na mvua, na maji yakageuka. Tulipoteza samaki 600 hivi kwenye kizimba ambacho hatukuwahi kukisogeza. Mwenyekiti alihesabu hasara ya bei, mimi nikahesabu waliobaki hai, na hatujawahi kukaa tukapatana nani alikuwa sahihi kiasi gani. Lakini asubuhi ile mtu hakutaja sumu. Watu walikuja moja kwa moja kuuliza, "Daftari linasemaje?"

Maji ya kunywa ni sura ambayo niliingia bila kupanga. Mama mmoja wa kikundi, ambaye watoto wake walikuwa hawaishi kuharisha, aliniuliza kama kipimo changu kinaweza kumwambia kama maji ya mwaloni yanafaa. Hakiwezi. Maji yanaweza kuwa na oksijeni ya kutosha na yakabeba kipindupindu. Tulipata kutoka maabara chupa iliyosafishwa isiwe na vijidudu, tukaijaza bila kugusa mdomo wake, tukaiweka kwenye ndoo ya barafu, na mwanachama mmoja akaiwahisha mjini kwa kivuko, maana sampuli kama hiyo ikichelewa majibu yake hayaaminiki. Kiwango kinachotakiwa ni sifuri ya bakteria wa kinyesi katika mililita 100. Majibu yaliandikwa kuwa makoloni, yaani makundi ya bakteria, hayahesabiki. Pale tulipokuwa tukichota ni hatua 40 kutoka choo cha mwalo.

Hilo tulilitatua kwa kuhamisha sehemu ya kuchotea, na kwa kuchemsha. Lakini ninasisitiza kwa kila mama anayenisikiliza: kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi sumu inayotolewa na baadhi ya mwani. Chembe za mwani zikipasuka kwenye sufuria, sumu iliyokuwa ndani ndiyo inamwagika. Watafiti walishaikuta sumu hiyo katika ghuba letu. Ukikuta utando wa kijani umekusanyika ufukweni kama rangi iliyomwagika, usichote hapo, na usimruhusu mtoto aoge hapo hata kama maji ya pembeni yanaonekana meupe.

Sheria tunazo. Ile ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Bonde letu lina bodi yake ya maji, makao yake Mwanza, na watu wake wanapima. Siwalaumu kwa kutofika kwetu kila wiki. Ukubwa wa bonde hili ninaujua. Lakini vituo vyao viko mbali na kizimba changu, na maji yanabadilika kati ya kijiji na kijiji. Sasa napeleka nakala ya daftari kila robo mwaka. Mara ya kwanza aliyeipokea aliipekua akaniuliza, "Na hizi zenye mstari mwekundu?" Nikamweleza. Akaanza kuandika.

Yule kijana bado sijamsimulia hadi mwisho.

Nilikwenda kwake mwezi wa tatu baada ya tukio lile, nikiwa na mume wangu na mzee wa kitongoji. Nilimwambia kwamba jina lake niliandika mimi, kwamba sikuwa na ushahidi wowote, na kwamba tunaamini sasa ni maji yaliyogeuka. Alisikiliza akiwa anashona wavu, hakuinua macho. Mkewe alituletea maji ya kunywa kwenye trei, tukanywa. Mwishoni akasema, "Mnaamini. Bado hamjui." Hakuongeza neno.

Alikuwa na haki kabisa. Maji ya usiku ule hayatapimwa tena hadi mwisho wa dunia. Nina kila sababu ya kuamini yalipungukiwa hewa, na sina karatasi ya kumkabidhi inayosema hivyo. Namba moja tu ya alfajiri ile, iliyoandikwa na mtu yeyote kwa kalamu yoyote, ingemrudishia siku zake tisa.

Hakujiunga na kikundi, na sikumwomba ajiunge. Maboya yetu tuliyasogeza, njia yake iko wazi. Alfajiri nyingi anapita karibu akirudi kuvua, mimi nikiwa nimeinama pembeni mwa kizimba na waya wa kipimo mkononi. Hanisalimii. Kwa muda mrefu alikuwa anapita tu. Masika iliyopita, siku moja alipunguza kasia, akanitazama, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei:

"Leo ngapi?"

"Juu tano nukta mbili. Chini tatu na nusu."

"Jana?"

Nikamsomea ya jana, na ya juzi. Akatikisa kichwa kidogo, akavuta kasia. Siku hizi huwa anauliza, siku anayotaka.